Jumapili Aliyosema Bi Nakshi

Khanga mpya ambayo haijaonja maji ina harufu yake. Wanga, rangi, na ukavu fulani unaokwaruza pua. Nilipofungua kabati la Shangazi Zena, siku chache baada ya arobaini yake, harufu hiyo ilinijia usoni kabla sijaona chochote ndani. Nikakaa chini palepale, kwenye sakafu ya chumba chake, nikalia, mimi ambaye msibani nilikuwa nagawa chai kwa macho makavu. Nilipochoka kulia nikapandwa na hasira, na hasira hiyo sijaimaliza hadi leo, wala sina mpango wa kuimaliza.

Shangazi yangu aliwahi kujulikana mji mzima. Kama ulikulia Dar wakati televisheni ilikuwa mali ya mtaa, si ya kila chumba, basi unamjua hata kama jina lake hulijui. Alikuwa Bi Nakshi. Yule mwenye nyumba wa "Uani kwa Bi Nakshi", mchezo wa kila Jumapili baada ya magharibi, mwenye bunda la funguo kiunoni na jicho la kukufanya ukumbuke ulichoiba. Mwambie kijana wa leo habari zake, atatoa simu yake atafute, kisha atakuangalia kwa huruma. "Mbona hakuna?" Kwake yeye, kisichopatikana kwenye simu hakikuwahi kuwepo. Kilikuwepo. Kituo kilichokuwa kikiurusha mchezo huo kilirekodi mambo mengine juu ya kanda zake, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Siku ile sakafuni nilikuwa na khanga zake zote, na sikuwa na hata dakika moja ya uso wake ukisogea.

Alikuja kuishi nasi nikiwa mdogo sana. Nakumbuka godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, sanduku la bati, jiko la mafuta ya taa, na yeye mwenyewe amekaa juu ya sanduku uani kwetu kama mtu anayesubiri gari. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Baba, ambaye ni kaka yake, alimhamisha mpangaji ili dada yake apate chumba cha nyuma. Nikaambiwa Shangazi amekuja kukaa nasi, basi. Niliona tu kwamba kila nilipoingia jikoni, yeye na Mama walinyamaza na kuanza kusifia mchicha.

Akaanza kuuza khanga kwenye kibanda cha mbele, barazani. Alikuwa na ulimi. Bwana mmoja aliyekuwa anaongoza kikundi cha maigizo alikuja kununua khanga za waigizaji wake, akabishana naye bei, na mabishano yakanoga hadi wapita njia wakasimama, wachukuzi wakatua mizigo. Yule bwana alipoona watu wamejaa, akaacha kubishana.

"Mama," akamwambia, "hiki unachonifanyia hapa, njoo unifanyie mbele ya kamera."

"Nikifanya mbele ya kamera khanga utanunua?"

Alinunua. Na Shangazi akaenda.

Kuanzia hapo alikariri maneno yake huku akikunja khanga. Mteja angefika amkute anafoka peke yake, "Nimesema nyumba hii wanawake hawazalii!", na mteja angerudi nyuma hatua mbili. Mimi nilikaa chini ya meza, kwenye kivuli cha vitambaa, nikasikiliza sauti yake ikibadilika kutoka ya Shangazi kuwa ya yule mwingine. Sikuogopa. Nilidhani kila mtu mzima ana mtu wa pili, na kwamba nami nikikua nitapewa wangu.

Televisheni ilikuwa ya Mama Jyoti. Yeye na mumewe walikuwa na duka la kuazimisha kanda za video upande wa pili wa barabara, na nyumbani kwao ni palepale nyuma ya duka. Walikuwa Wahindi wa Kariakoo hasa, waliozaliwa pale kama sisi, na Kiswahili cha Mama Jyoti kilikuwa cha sokoni kuliko chetu. Kila Jumapili aliigeuza televisheni itazame barabarani, nyuma ya nondo za dirisha, na mtaa ukakusanyika.

"Nyie watoto, mbele kaeni chini! Mnaziba watu! Na wewe mrefu, kichwa hicho umekodi wapi? Kiinamishe!"

Kabla wimbo wa kufungulia haujaanza, aliingiza kanda kwenye deki na kubonyeza kitufe chekundu. Binti yake, Jyoti, alikuwa ameolewa Tabora, na wakati huo Tabora kituo kile hakikushika. Kwa hiyo Mama Jyoti alirekodi kila sehemu na kumpelekea binti yake kanda, pamoja na chevda ya kutafuna na barua. "Hii ya Jyoti," alisema, "asiguse mtu." Tulimheshimu sana Jyoti ambaye hatukumjua, kwa sababu Shangazi alisafirishwa na treni kwenda kwake.

Sasa, Bi Nakshi alikuwa mbaya. Sisemi mbaya wa kuchekesha. Alifunga bomba la maji kwa kufuli. Alimwaga chungu cha mpangaji kwa sababu harufu ya dagaa imefika chumbani kwake. Kuna sehemu alimtoa nje mpangaji mjamzito, mvua inanyesha, akasimama mlangoni anahesabu funguo zake huku yule dada analia. Siku hiyo mtaa mzima ulizomea. Nami nilizomea, kisha nikageuka kumtafuta Shangazi kwa aibu, lakini hakuwepo. Hakuwahi kuja kutazama na watu.

Kesho yake tulienda sokoni, mimi na yeye. Mama mmoja muuza nyanya alipomwona, akafunika mafungu yake kwa mikono yote miwili.

"Nyanya zangu siwauzii watu wa aina yako. Yule mtoto wa watu umemtupa kwenye mvua!"

"Dada, ule ni mchezo."

"Mchezo! Na macho yale ni ya mchezo?"

Wanawake wa meza za jirani wakaanza kucheka na kusonya kwa pamoja. Mmoja akatema mate chini, karibu na kandambili za Shangazi. Nilichukua nyanya moja mbivu, nikaitupa kwa nguvu zangu zote. Haikumfikia mtu. Ilipasukia kwenye mizani. Nilikuwa napiga kelele, "Siyo yeye! Siyo yeye!", na kwa kweli sikujua namtetea nani, maana nilikuwa nimemzomea mwenyewe jana yake.

Shangazi alinishika kiganja, akanisimamisha nyuma yake. Kisha akatoa ile sauti nyingine, ya Jumapili: "Wewe mama, nikupe notisi ya meza hii?" Soko zima likaangua kicheko, hata yule muuza nyanya akashindwa kujizuia. Akatupimia nyanya, na ile niliyopasua akatusamehe. Lakini njiani kurudi Shangazi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mno.

Halafu ikaja wiki ile. Shangazi alirudi kutoka kurekodi akiwa na macho mekundu, akaingia chumbani bila kula. Kesho yake aliamka mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona. Alipita kibanda kwa kibanda mtaani kwetu, yeye ambaye hakuwahi kumwalika mtu, akisema, "Jumapili hii msikose. Jumapili hii Bi Nakshi anasema." Jumapili ilipofika alioga mapema, akajifunga khanga mpya iliyokuwa bado inanuka dukani, akanichukua na tukavuka barabara kwenda kusimama na watu mbele ya dirisha. Watu wakampisha. Wengine wakamtania, wengine wakajifanya hawamwoni. Siku ile alikuwepo Baba Jyoti peke yake, na ndiye aliyewasha.

Wimbo ulianza. Likatokea jina la mchezo. Umeme ukakatika.

Mnaokumbuka mgao wa siku zile mnakumbuka ile "Aaaah!" ya mtaa mzima, inayotoka kwenye kila nyumba kwa wakati mmoja. Watu walisubiri kidogo, wakaanza kuondoka, mmoja baada ya mwingine. Kuna aliyesema, "Tutahadithiwa." Baba Jyoti akafunga mbao za dirisha. Shangazi alibaki amesimama palepale, anatazama mbao, mkono wake wa baridi ndani ya wangu.

Mimi sikuona tatizo kubwa. Niliamini picha za televisheni zinapita kwenye waya kama maji yanavyopita kwenye bomba. Maji yakikatika, yakirudi yanaanzia pale yalipokomea, kwa hiyo nilijua ile sehemu imekwama mahali fulani kwenye nguzo za umeme, inasubiri. Kesho yake taa ziliporudi nilikimbia hadi dukani, nikakaa chini mbele ya dirisha. Ikatokea taarifa ya habari. Nikasubiri. Ikatokea ngoma ya asili. Nikamweleza Mama Jyoti kwamba nasubiri Bi Nakshi afike. Alinitazama muda mrefu, akaniletea kashata, akasema, "Mwanangu, ameshapita." Nililia kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa na shirika zima la maji.

Kumbe wenzetu walikuwa wameiona. Upanga umeme ulikuwepo. Magomeni ulikuwepo. Na Magomeni ndiko alikotoka bwana mmoja ambaye sikuwahi kumwona.

Alikuja na gari, katikati ya wiki, akalisimamisha mbele ya kibanda. Kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, saa kubwa. Mimi nilikuwa chini ya meza yangu.

"Zena, umetuvua nguo."

"Karibu, shemeji. Kama nguo zimekuvuka, mimi ndiye muuza khanga. Nikupimie?"

"Usinifanyie maigizo yako. Bongo nzima imesikia. Watu wananiuliza msikitini."

"Nilitaja jina lako?"

"Hukutaja. Lakini Magomeni nani asiyejua kuwa ni sisi?"

"Kama wote walikuwa wanajua," Shangazi alisema taratibu, huku akikunja khanga, kona kwa kona, "basi sikusema jipya."

Yule bwana alipiga meza kwa kiganja. Na mimi hapo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Alivyovaa, alivyosimama, maneno yale mazito, sijawahi kuona mtu wa kweli akiongea hivyo. Nikatoka chini ya meza, nikaangalia juu ya mapaa, nikaangalia ndani ya gari lake.

"Kamera iko wapi?" nikamwuliza.

Alinitazama kama nimemtukana. "Mtoto wa nani huyu?"

"Wa kaka yangu," alisema Shangazi. "Kwa kaka yangu hafukuzwi mtu."

"Ile kanda nitahakikisha inafutwa. Hairudiwi tena, unanisikia?"

"Nakusikia. Na wewe ulinisikia. Tuko sawa."

Gari lilipoondoka nilimpigia makofi, kama tulivyokuwa tukifanya dirishani. Aliniinamia akanikumbatia, nikahisi moyo wake unavyokimbia.

Mama alinieleza yote nilipokuwa mkubwa. Mume wa Shangazi alifariki kwenye nyumba waliyoijenga pamoja, Magomeni. Eda haijaisha, ndugu wa mume wakaja, wakadai funguo, wakabadilisha vitasa akiwa amekwenda hospitali. Alikuta godoro na sanduku nje. Hakumshtaki mtu, hakumwambia mtu nje ya nyumba yetu. Kisha siku moja, mbele ya kamera, wapangaji wa Bi Nakshi wanatakiwa kumwuliza kwa nini ana roho mbaya hivi, na karatasi inamtaka acheke na kuingia ndani. Hakucheka. Hakuingia. Aliiweka karatasi chini na kusema maneno yake mwenyewe, na yule kiongozi wa kikundi alikuwa na akili ya kutozima kamera.

Aliporudiwa na nguvu alikwenda kituoni kuomba nakala, akanichukua. Nakumbuka ubaridi wa ile ofisi, na kijana mwenye tai aliyekuwa anaviringisha kalamu vidoleni.

"Mama, hiyo imeshafutwa. Tunafuta ili tutumie tena. Ni utaratibu."

Mimi kufuta nilikujua. Shuleni nilikuwa zamu ya ubao, na ukifuta ubao chaki haiendi mbinguni, inabaki kwenye kifutio na chini ya ukuta, unaweza kuizoa.

"Vumbi lake mmeliweka wapi?" nikauliza. "Tupeni hilo vumbi."

Kijana alicheka hadi akaegemea kiti. Shangazi hakucheka. "Jibu swali la mtoto," alimwambia. Kisha akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akapakata mkoba wake. Tulikaa pale mpaka mafeni yakazimwa na mlinzi akaja kufunga. Mlinzi alimtazama mara mbili, akavua kofia. "Shikamoo, Bi Nakshi." "Marahaba, baba." Ndipo akainuka, na tukatoka mikono mitupu, lakini tulitoka tulipotaka sisi.

Mchezo haukudumu baada ya hapo. Kikundi kilisambaratika, kama vikundi vingi. Shangazi aliuza khanga hadi magoti yalipomkatalia, na kila nilipomwomba anisimulie alichosema Jumapili ile, alinijibu jambo lilelile: "Nilisema mara moja. Sikukariri."

Ndiyo maana, siku ile sakafuni, niliamua nitaitafuta.

Kaka yangu Idi alidhani ni uchungu wa msiba. "Dada Tumu, achana nayo. Shangazi ameshakufa." "Ndiyo sababu yenyewe," nilimjibu. Nikaandika maneno machache mtandaoni: nani anakumbuka Bi Nakshi? Nilitegemea watu watano. Simu yangu ilikaa moto siku nzima. Likazaliwa kundi, na kundi likajaa watu wa umri wangu, mafundi, walimu, wauza mitumba wa Mchikichini, akina mama wenye wajukuu, wote wanabishana kuhusu rangi ya mlango ambao haujaonekana tangu tukiwa na meno ya utoto. Nesi mmoja wa Magomeni, Salma, aliiona ile Jumapili. Anaapa Bi Nakshi alilia. Fundi cherehani mmoja aliiona pia, na anaapa hakudondosha chozi, alicheka, na kicheko chake ndicho kilichomkosesha usingizi. Waligombana kwa sauti za kurekodi hadi nikawaombea suluhu. Nami nilikuwa nahitaji kujua kuliko wao wote. Alilia au hakulia?

Niliwapigia kituoni. Aliyepokea alikuwa na adabu, lazima niseme.

"Dada yangu, nikudanganye ya nini? Zile kanda zimekwisha. Na hebu niambie, hata mkiipata leo, dakika chache za zamani, picha mbovu, nani ataangalia?"

"Mimi," nikamwambia, nikakata simu.

Miezi ikapita. Tulipata picha moja ya gazeti, imekunjwa. Tulipata wimbo wa kufungulia, mtu ameukumbuka na kuupiga kinanda. Kuna waliochoka wakatoka kwenye kundi, na mmoja aliaga akisema tunafukua makaburi. Nilimjibu kwamba kaburi la huyu nalijua lilipo, namtafuta mzima. Halafu ukaja ujumbe kutoka kwa namba nisiyoijua: "Mimi ni Jyoti. Mama alikuwa ananitumia. Nimerudi Dar, naishi Upanga kwa mjomba. Kanda ninazo chache, sijui zina nini."

Nilimkumbatia mlangoni mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, kana kwamba tumelelewa pamoja. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Ndiye aliyenieleza. Jumapili ile Mama yake alisikia uvumi kwamba mgao huenda ukaangukia upande wetu, akabeba kanda kwenye kikapu akaja Upanga, kwenye nyumba hiihii niliyokuwa nimekaa, akarekodi kwa kaka yake. Hakutaka binti yake akose.

"Na mbona hakumwambia Shangazi?"

"Alimwambia. Wiki ileile alikwenda kumwambia. Shangazi yako akamwambia, 'Mpelekee Jyoti. Acha ifike mbali, wasikoweza kuifuta. Ya huku nitawadai kituo.'"

Jyoti alinitazama, kisha akainamisha uso.

"Lakini Tumu, Tabora kanda tupu zilikuwa shida. Shemeji yangu alipooa tulirekodi harusi. Juu ya nyingine. Sijui ni zipi. Nilikuwa msichana, nilidhani Bi Nakshi atakuwepo kila Jumapili maisha yote."

Fundi mmoja wa video, mtu wa kundi letu, alikuwa ameshazisafisha kanda ukungu na kutuletea deki iliyotoka sijui wapi. Tukaziingiza. Ya kwanza ilikuwa chenga tupu. Ya pili ilikuwa filamu ya Kihindi. Kwenye ya tatu tulikuta harusi: bwana arusi mwembamba mwenye kilemba, watoto wanapita mbele ya kamera, wanawake wanaimba, mtu anakula. Tuliitazama yote, maana Jyoti alikuwa anawataja waliokufa na singeweza kumwambia apeleke mbele. Harusi ilikuwa ndefu. Haikutosha kanda nzima. Mwanamke mmoja alikuwa anainua mkono kurusha mchele, picha ikaruka, ikajikunja, na mchele haukutua.

Alikuwa Shangazi.

Amesimama uani, bunda la funguo mkononi, na sentensi ilikuwa katikati: "…wakaniachia godoro. Basi na mimi nikaapa. Ubaya wangu mnaoujua ni huo, sina mwingine. Na hapa sitoki. Waambieni huko waliko, mimi sitoki."

Halafu akakaa kimya. Kimya kirefu, ambacho leo mtu angekikata. Wapangaji hawasogei, na unaona kabisa kwamba hawaigizi, wamesahau wanachotakiwa kufanya. Machozi yapo. Yanateremka, na yeye hayafuti wala hayatambui. Na mdomo unacheka. Salma na fundi cherehani wote walikuwa wamesema kweli. Kisha Shangazi akavuta ufagio, akaanza kufagia kuelekea kwenye kamera, mpaka mpiga picha ikabidi arudi nyuma. "Mnanitazama nini?" akasema. "Nendeni mkapike." Majina yakapanda, na jina lake, Zena, likiwa la kwanza. Picha ikawa nyeusi.

Jyoti ndiye aliyebonyeza kurudisha. Tulirudisha mpaka fundi akatuomba tuihurumie kanda.

Kituo kilipiga simu chenyewe baada ya kipande hicho kuenea mtandaoni. Sauti ileile yenye adabu iliniomba tuwapelekee kanda waihifadhi. Nikawaambia nakala watapata, kanda aliyoniachia Jyoti haitoki ndani ya nyumba hii, na wakitaka kuiona vizuri waje Jumapili kama watu wengine.

Jumapili tulitundika shuka nyeupe uani kwetu, Kariakoo, kati ya maghorofa mawili ambayo yametuzunguka na ambayo madalali wake wanatubishia hodi kila wiki tuwauzie nyumba. Baada ya magharibi watu walianza kuingia. Walikuja wa kundi, walikuja majirani, walikuja kina bibi ambao walikuwa mbele ya dirisha siku ile na kuondoka gizani. Idi alibeba viti hadi vikaisha akaanza kutandika mikeka. Nilisimama mlangoni nikaona ukumbi umejaa hadi nje, na wengine wamepanda kwenye ngazi za ghorofa la jirani wanachungulia. Yule wa kituoni alikuja. Alikaa chini.

Tuliwaonyesha. Zilipoisha dakika zile hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja wa mbele, amejitanda khanga hadi kichwani, aligeuka akanitafuta kwa macho.

"Mwanangu, hapa pamefika mwisho. Mwanzo wake uko wapi?"

"Tunautafuta, bibi," nikamwambia. "Rudisha, Idi, waone tena."